Kabla Sindano Hajaingia, Naingia Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Leo mlango wa bafu nao umeng'olewa. Umeegeshwa ukutani kama mlevi. Sasa nyumba hii haina hata mlango mmoja unaofungwa. Wa jikoni umezuiwa na gunia la sufi. Wa sebuleni na pasi ya mkaa. Wa chumba cha Sindano na tofali. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi zangu, naoga huku naimba ili watu wajue nimo! Nikinyamaza kidogo kutafuta sabuni, mwanangu anakohoa huko ukumbini — Mama, umemaliza? Sijamaliza! Nitamalizaje na povu masikioni?

Naandika yote, maana kichwa changu siku hizi kinavuja.

Sindano ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliye mbali kikazi. Tunamwita hivyo kwa wembamba wake na kwa ushonaji wake. Anashona magauni ya maharusi kwa Mama Shela. Au alikuwa anashona. Mwezi wa kwanza wezi waliingia pale mchana kweupe, wakamsukumia stoo ya vitambaa, wakafunga kwa nje, wakazoa vyerehani. Hawakumgusa hata unywele. Lakini alikaa mle gizani na majora ya satini mpaka jioni, Mama Shela alipokuja na funguo. Tangu siku ile mlango ukifungwa, hata wa kabati, pumzi inamkatika, vidole vinakuwa baridi kama vya samaki. Hatoki. Hashoni. Anakaa barazani anahesabu wapita njia.

Na kule kazini lazima mlango ufungwe. Vitambaa vyeupe vile! Upepo mmoja wa vumbi, bibi harusi anaolewa na gauni la rangi ya chai. Mama Shela ni mtu mwema, ila amesema wazi: cherehani kipya anamtunzia Sindano mpaka mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo anakikalia mwingine.

Muuguzi wa zahanati kasema kidonge cha jambo hili hana. Mtafutieni mwanasaikolojia, tena mwenye leseni, tena wa hapahapa karibu — maana huyu hatapanda gari likafungwa mlango.

Sindano hataki. Eti yeye si kichaa. Nikamwambia nani kasema kichaa? Akasema, wewe Bibi, jana. Nilisema kwa upendo!

Sawa. Atakwenda, hatakwenda, tutaona. Lakini kwanza huyo mtu lazima apite kwangu. Nimeshona magodoro ya sufi maisha yangu yote, na godoro halitoki mlangoni kwangu kabla sijalilalia mwenyewe. Mchele nautafuna mbichi palepale sokoni. Mchumba wa binti yangu nilimkalisha kwenye kiti kibovu, nione atafanya nini. Alianguka, akasimama, akauliza nyundo iko wapi. Nikampa binti. Ndivyo tunavyoishi hapa. Daktari wa kichwa ndiye nani apite bila kuonjwa?

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza kazi! Miguu inauma, roho inacheza.

Nyuma ya soko kuna kibao kikubwa: USHAURI WA NDOA, MITIHANI, BIASHARA NA SAIKOLOJIA. Chini yake kwa herufi ndogo: tunachaji simu. Nikaingia. Bwana mmoja wa suti, soksi hana. Nikamwambia, mwanangu, nionyeshe leseni. Akaniangalia kama nimemwomba figo. Nikamwambia sitoki. Akapapasa mifuko, akatoa leseni — ya udereva! Haki ya Mungu! Tena akajisifu, eti inamruhusu hata malori yenye tela.

Nikamwambia, hongera, siku nikitaka kusafirisha saruji nitakuja unishauri.

Nimecheka njia nzima. Nimemhadithia Sindano. Kacheka kwa pua tu, pff, lakini kacheka. Tangu mwezi wa kwanza sijasikia hiyo pff.

Ijumaa, 7 Machi

Wa pili. Ofisi safi, kijana mwenye ndevu za kupimwa kwa rula. Leseni ipo, imetiwa fremu ukutani. Nikapanda kwenye kiti, nikaishusha niisome. Yeye anasema Bibi taratibu, Bibi utaanguka. Mimi nasoma. Kusoma kwangu ni kwa kisomo cha watu wazima, polepole, lakini nikianza neno sitoki mpaka nilimalize. Kumbe imekwisha muda wake! Tangu mwaka juzi!

Eti anaishughulikia. Nikamwambia maziwa yakiisha muda hayashughulikiwi, yanamwagwa.

Aliniletea kiboksi cha karatasi laini, akakiweka mbele yangu. Ndiyo nini? Nani kamwambia nalia? Nimechukua mbili za kufutia miwani.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu — mjomba wake Sindano, fundi wa mafriji — kumbe siku zote hizi alijua kwamba baraza la wanasaikolojia lina orodha ya wenye leseni kwenye simu. Unaandika mtaa, wanatokea. Kwa nini hukusema? Eti, Mama, hukuuliza, ulivaa viatu ukaondoka.

Nimemsema mpaka friji ya mteja imeanza kupoa yenyewe.

Tumetafuta. Mtaa wetu mzima una mmoja tu. Mmoja! Mwanamke. Na unajua yuko wapi? Juu ya duka la mikate! Pale ninaponunua mkate miaka nenda rudi! Kila asubuhi nasimama chini ya miguu yake nagombania chenji, yeye yuko juu anatibu watu, hakuna aliyenipigia hata mluzi.

Leseni inaishi mpaka mwakani. Nimemwambia mwanangu alipigie simu baraza hilo kuhakikisha. Akasema leo Jumamosi hawapokei. Basi Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi

Amepiga. Wamesema ndiyo, ni mtu wao, hana malalamiko. Nikamnyang'anya simu nikauliza, hana hata kidogo? Msichana wa upande ule akasema hana, Mama. Nikamwuliza kama amekula. Kasema bado. Sauti ilionyesha.

Kesho ni mimi!

Jumanne, 11 Machi

Nimempata! Nimempata! Ngoja nikae.

Nimekwenda na mto wangu wa sufi kwapani, maana viti vya ofisi sivijui. Mkono mwingine mkoba. Ngazi zinanukia mkate, tumbo likaniita. Nikaingia, nikaufunga mlango kwa kisigino, nikaweka mto, nikakaa. Kabla ya salamu kuisha nikamwambia kiti chako kina bonge upande wa kushoto, sponji imekatika, utawavunja watu viuno. Akasema kweli, Mama, huwa nawaona wanakaa upande. Akaandika! Mtu anayeandika akiambiwa kosa lake — nikampa alama moja.

Nimempa jina Mama Mkate. Ni mnene kiasi, miwani inateremka, sauti ya kutuliza maziwa yasimwagike. Akasema nitakayosema pale yatabaki pale, isipokuwa akiona uhai wa mtu uko hatarini. Nikasema sawa. Akauliza, kuna mtu amekutuma? Nikamwambia mimi situmwi. Mimi ndiye ninayetuma.

Kisha nikaanza mtihani. Mtu huwezi kumjua kwa maneno ya barabarani, lazima umpe kazi yenyewe. Kwa hiyo nikajipa ugonjwa wa Sindano. Nikasema, Mwalimu, mimi naogopa milango iliyofungwa. Pumzi inanikatika. Vidole baridi kama vya samaki. Nikavuta pumzi juujuu, hah, hah, nikashika kifua. Nilifanya vizuri sana. Kama ningezaliwa kwingine ningelipwa.

Hakucheka. Hakunipa ushauri wa haraka wala hakuniambia niombe. Aliuliza taratibu: lini ilianza? Inaanzia mwilini wapi? Inapokuja, unajiambia nini? Mimi najibu yale ninayoyaona kwa Sindano. Mengine sikuyajua. Nikagundua sijawahi kumwuliza mtoto inaanzia wapi. Mimi nilimwuliza tu itakwisha lini.

Halafu akauliza, na usiku unalala?

Hilo sikujiandaa. Likanitoka tu: silali. Nasikiliza. Unasikiliza nini? Pumzi. Ya nani?

Nikausogeza mto. Nikasema, ya mtu yeyote.

Yeye akanyamaza tu. Kunyamaza kwake hakukunisumbua, kulikaa kama mtu aliyekaa pembeni yako. Basi nikaanza kusema! Sijui nilisema nini. Magodoro, marehemu mzee wangu na kukoroma kwake, jinsi sufi inavyoingia puani, binti yangu aliye mbali. Nilisema mpaka muda ukaisha, akasema Mama, tuishie hapa kwa leo. Nikamwambia nilikuwa ndiyo kwanza naanza!

Akanipa kazi: nikirudi nyumbani nichunguze tu ninavyojisikia mlango ukifungwa. Mimi mwenyewe. Akanitazama juu ya miwani, akarudia: wewe mwenyewe, Mama, usimfanyie mtu mwingine.

Amefaulu. Nimenunua mkate wa zabibu. Nimerudi naruka vidimbwi kama msichana.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Sindano nimempata wa kweli, nimemwonja, ni mtamu. Kasema, "Bibi, nilishasema siendi. Mtu atanifungia mlango aniulize habari za mama yangu." Akageuza uso.

Nimekasirika. Nimeupiga unga wa chapati mpaka umeomba msamaha.

Nafikiri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefikiri! Sikiliza akili ya mwanamke huyu.

Mama Mkate kaniambia nijichunguze mlango ukifungwa. Sawa. Nitajichunguza — hadharani.

Mchana, Sindano yuko barazani, mimi nikaburuta gunia la sufi, nikashika mlango wa jikoni, nikausukuma nusu. Nikajipaka maji usoni kutoka kwenye ndoo. Nikaanza: hah! hah! Yelele! Siwezi!

Akaja mbio. Bibi, una nini? Nikamwambia — Mungu atanielewa — nikamwambia, mjukuu wangu, nilikuficha. Na mimi naogopa milango. Ndiyo maana nilikwenda kwa yule mama. Nilikwenda kwa ajili yangu.

Akasimama. Machozi yakamjaa machoni. Akasema, "Bibi, kumbe na wewe? Mbona hukusema? Mimi nilidhani ni mimi peke yangu nimeharibika."

Akanikumbatia na uso wangu wa maji ya ndoo. Nilitaka kucheka, nikajikuta na mimi namkumbatia.

Ijumaa, 14 Machi

Kimbembe! Nimepata mwalimu!

Sindano ananifundisha. Anashika kitasa cha jikoni, ananiambia nishike juu ya mkono wake. "Usiangalie mlango, Bibi. Niangalie mimi. Toa pumzi kwanza, usivute. Watu wote wanakosea hapo, wanavuta." Kajuaje haya? Kajifunza mwenyewe, peke yake, barazani, siku zote tulizodhani amekaa tu.

Tumeusukuma nusu. Nikasahau kuogopa. Akanikumbusha: "Bibi, mbona hutetemeki?" Nikatetemeka haraka.

Mwanangu alipita na kopo la gesi, akatukuta tumeshikana mkono mbele ya mlango wa jikoni tunapuliza kama tunazima mishumaa. Akarudi nyuma kimyakimya bila kuuliza. Amekua na akili, baada ya miaka arobaini.

Jumapili, 16 Machi

Robo tatu! Mlango wa jikoni umefika robo tatu, na mkono wa Sindano ndio uliosukuma! Ukabaki upenyo wa paka. Akawa mweupe midomo, akasema basi Bibi, usijilazimishe, leo umefanya vya kutosha.

Mimi! Nimefanya vya kutosha!

Binti yangu kapiga simu, akauliza hali. Nikamwambia tunaendelea vizuri mno, mimi ndiye mgonjwa. Akasema Mama, sikusikii vizuri. Nikasema ulinisikia.

Jumanne, 18 Machi

Leo naandika mengi na sijui nicheke au nijifiche chini ya godoro.

Asubuhi Sindano kavaa viatu. Viatu! Tangu mwezi wa kwanza havijakanyaga njia. Kasema, "Siwezi kukuacha uende peke yako, Bibi. Ukishikwa ngazini nani atakuambia utoe pumzi?" Tukatoka. Mtaa mzima umetutazama, nami nikautazama ujue nimeuona. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniachia alama. Muuza mikate akasema, aa, Sindano umeadimika. Akajibu, nipo, namsindikiza Bibi, hajisikii vizuri. Nikajikunja kidogo.

Yeye akabaki kwenye ngazi, penye dirisha. Mimi nikaingia. Safari hii nikaacha mlango wazi, nikajisifu kimoyomoyo kwa kukumbuka.

Mama Mkate akauliza, yule ndiye? Nani? Mwenye pumzi unayoisikiliza usiku.

Jasho la kweli likanitoka, si la ndoo.

Akasema polepole, "Mama, siku ile umeingia, uliufunga mlango huu kwa kisigino. Ukanisema habari ya kiti. Ndipo ukaniambia unaogopa milango."

Jamani! Kisigino changu! Miaka yote naingia na mizigo mikono miwili, kisigino kinafunga chenyewe, hakiniulizi!

Nikamwuliza, ulijua tangu mwanzo, ukaniacha niheme vile? Akasema aliona kuna jambo la kweli chini ya lile la uongo, akasubiri. Nikamwambia nilikuwa nakujaribu, ndivyo tunavyofanya kwetu. Akauliza, nimefaulu? Nikasema umefaulu. Akasema asante, lakini mtihani wa mtu aliye nje mimi siwezi kuujibu kupitia kwako.

Nikamhadithia yote. Jikoni, kitasa, robo tatu. Nilidhani atafurahi. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Alisema hivi, nayaandika kama nilivyoyashika: kwamba ni jambo zuri mtoto kapata nguvu ya kumsaidia mtu. Lakini kaijenga juu ya kitu ambacho si kweli, na huyu mtoto alifungiwa mlango na watu waliomzidi ujanja. Akija kugundua kwamba na bibi yake kamzidi ujanja, itakuwaje? Mwambie wewe, kabla hajagundua. Mimi sitamdanganya, wala sitampokea kwa hila. Atakuja kwa miguu yake au hatakuja. Na woga si jino, Mama, haung'olewi siku moja.

Nikasema, akikataa? Mwisho wa mwezi huo umefika, Mama Shela anampa mtu cherehani! Akasema anaelewa. Akasema tena, mwambie.

Na kuna la pili. Akasema, kama Sindano atakuja, kiti hiki ni chake. Hawezi kuwatazama wote wawili wa nyumba moja, siri zitagongana. Mimi itabidi niende kwa mwenzake, ng'ambo ya daraja, naye ana leseni. Nikamwuliza kwani nani kasema mimi nahitaji mtu? Mimi nilikuja kujaribu tu!

Akanisogezea kile kiboksi cha karatasi. Kila ofisi wanacho. Nimechukua moja. Haikuwa ya miwani.

Ngazini Sindano akauliza, vipi, umeweza? Nikasema nimeweza. Akanisifu! Akaninunulia andazi.

Jumatano, 19 Machi

Sijasema.

Alhamisi, 20 Machi

Sijasema. Alikuwa ananichana nywele. Unamwambia vipi mtu aliyeshika kichwa chako?

Ijumaa, 21 Machi

Leo nilianza. Nikasema, Sindano, kuna jambo. Akasema, subiri Bibi, na mimi nina jambo. Kachomoa kitambaa — kanishonea mfuko wa kubebea ule mto wangu wa ofisini. Kwa mkono, bila cherehani! Mishono midogo kama mchanga. Ameshona! Mikono imerudi!

Nimecheza. Nimezunguka sebule nzima na mfuko kichwani, mwanangu akipiga kopo. Sindano kacheka mpaka kaketi chini. Sikusema. Ningesemaje? Nani anamwaga maji kwenye moto uliotoka kuwaka?

Lakini furaha yenyewe imenikalia kama kile kiti, ina bonge upande mmoja.

Jumapili, 23 Machi

Mama Shela amepita. Kaleta nyanya, kasifu mfuko, kakagua mshono kwa nje na kwa ndani. Akasema, mkono haujapotea. Kisha akasema kwa upole kwamba kuna msichana kamwulizia ile nafasi, amemwambia asubiri wiki moja tu.

Sindano kaniambia alipoondoka: "Nikimaliza kukutibu wewe, Bibi, labda nitajaribu mimi."

Akimaliza kunitibu! Nitapona lini ugonjwa nisio nao?

Kesho nasema. Keshokutwa ni Jumanne ya Mama Mkate. Kesho nasema au nisiitwe mimi.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika nimekaa sakafuni ukumbini. Mwanangu kasimama mbele yangu na spana, kinywa wazi. Ngoja nipange.

Nimesema. Baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa chumbani kwake, yeye kaketi kitandani, mimi mlangoni. Sikuzunguka, sijui kuzunguka. Nikasema, Sindano, mimi siogopi milango. Sijawahi kuogopa. Yale maji usoni yalikuwa ya ndoo. Nilikwenda kwa yule mama kumjaribu, nikachukua ugonjwa wako nikaenda nao kama mtu anayeazima nguo bila kuomba. Halafu nikauleta jikoni ili unionee huruma. Yule mama ananijua, alinijua tangu siku ya kwanza, na kasema nikuambie. Basi, nimekuambia.

Akalikamata shuka. Mimi, nani wa kukaa kimya? Nikaongeza: ila usiku silali, hilo ni la kweli, nakusikiliza.

Akasimama. Sijawahi kuiona sura ile. Akasema, "Umenichezea!" Nikasema, mjukuu wangu — Akasema, "Nilikuwa nakuombea! Nilikuwa naamka naomba Bibi apone! Nilikununulia andazi!" Nikasema andazi nitakurudishia. Hapo nilikosea. Akapaza sauti mpaka mwanangu akatoka nyuma. "Kila mtu ananijaribu! Kila mtu ananionja! Mimi si godoro, Bibi! Toka! Toka chumbani kwangu!"

Akanisukuma begani — si kwa nguvu, kwa haki. Nikarudi nyuma hatua. Akalipiga teke lile tofali, likaruka mpaka ukumbini. Akashika mlango kwa mikono miwili.

Akaubamiza.

Ukuta ulitikisika. Kalenda imeanguka. Mlango umefungwa. UMEFUNGWA! Wote, mpaka kitasa kikalia ta!

Mwanangu akainua mikono juu, akafungua kinywa apige kelele za shangwe. Nikamrukia. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Sijui nguvu nimetoa wapi, ni jitu lile. Nikamnong'oneza, ukitoa sauti nakufukuza nyumbani. Machozi yakawa yanamtiririka juu ya vidole vyangu, na mimi nacheka bila sauti, mabega tu yanaruka. Tumeshikana pale kama wezi wa kuku.

Nikabandika sikio mlangoni.

Kisha nikaisikia pumzi. Naijua, nimeisikiliza usiku mwingi. Ilikuwa inaenda mbio. Amegundua mlango umefungwa. Mkono wangu ukaenda kwenye kitasa wenyewe — nikaurudisha, nikaukalia. Ndiyo maana niko sakafuni.

"Bibi."

Nikasema, nipo.

"Nani kafunga?"

Nikasema, wewe.

Pumzi mbio. Nikasema, Sindano, nifungue? Neno moja tu, nafungua sasa hivi.

"Nimekuambia ufungue? Mimi bado nina hasira na wewe."

Nikasema, kasirika, mama. Kasirika vizuri. Nimestahili.

"Usiniite mama. Na usiondoke."

Siendi popote. Mgongo wangu uko mlangoni, naona joto la mbao. Nadhani na yeye kakaa, sauti inatoka chini, usawa wa sikio langu. Anatoa pumzi kwanza. Hasahau. Anatoa, anangoja, ndipo anavuta. Mimi nafuata huku nje bila kupanga. Mwanangu naye, na spana yake, anatoa pumzi.

"Bibi. Kesho kwa yule mama ni saa ngapi?"

Nikasema, asubuhi.

"Jina la nani limeandikwa?"

Nikasema, langu, lakini linafutika. Nikamwambia ukweli wote: kwamba kiti ni kimoja, akikaa yeye mimi natoka, nitatafutiwa wangu ng'ambo ya daraja. Kwamba yule mama hanyang'anyi mtu kitasa. Kwamba asipopenda asiende, mimi sitamsukuma tena, sitamwonjea mtu tena. Hili la mwisho limenikwama, lakini nimelitoa.

Nikamsikia akijisogeza.

"Mlango wake," kasema, "ukifungwa, kufuli liko upande gani?"

Loo! Nimekaa pale mara mbili, nimekagua kiti, sponji, leseni, fremu, kapeti. Kufuli sikulitazama! Kitu pekee anachotaka kujua mtoto huyu, na mimi mjaribu mkuu sikulitazama!

Nikasema, sijui, mjukuu wangu. Itabidi ukaangalie mwenyewe.

Pumzi yake sasa haikimbii, inatembea harakaharaka, kama mtu aliyechelewa kidogo. Kitasa juu ya kichwa changu kimegeuka. Kimesimama nusu. Mwanangu kanyoosha mkono amalizie kukizungusha.

Nimemtazama. Kaurudisha.